Dondoo Muhimu: Kufunga Vifaa vya Kuzamia

Msafiri atokaye Butembo kwa njia ya Kasindi, akiwa ameazimia kuzamia katika bahari ya Mafia au Pemba, yampasa ayazingatie haya kabla ya kufunga sanduku:

1. Mtungi wa hewa na vyuma vya uzito uviache, hukodishwa pwani.
2. Miwani uichukue mkononi. Kisu kiende katika mizigo ya chini ya ndege.
3. Betri za akiba za taa zisitiwe katika mizigo hiyo, kwani ni marufuku.
4. Vazi la milimita 3 latosha.
5. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Tanzania imeikataza tangu Juni 2019.
6. Cheti cha homa ya manjano usikisahau.
7. Usipande ndege, hata ile ndogo ya Mafia ambayo wengi huidharau, kabla ya saa 24 kupita tangu kuzamia mara ya mwisho.