Kuinua Pikapu: Faida na Hatari Zake

Wakati wa masika, barabara za udongo za vijiji vya Songea huchimbika, na mwenye pikapu huweza kushawishika kuiinua kwa kuitia springi ndefu zaidi. Kabla ya kufanya hivyo yampasa kuzingatia mambo mawili.

Kwanza, springi hubeba fremu na bodi, hazibebi ekseli. Katika gari lenye ekseli nzima, difu imo katika ekseli hiyo, hivyo springi zikirefushwa difu hubaki pale pale na huweza kukwama kama awali. Kinachoiinua ni tairi: kipenyo kikiongezeka kwa sm 6, difu hupanda sm 3.

Pili, kitovu cha uzito hupanda. Tuchukue pikapu ambayo magurudumu yake ya kushoto na ya kulia yameachana sm 150, na kitovu chake kiko sm 75 juu ya ardhi. Tukiacha kando kubonyea kwa springi na tairi, itapinduka mteremko wa ubavuni ukizidi 45°, kwa kuwa 75 ÷ 75 = 1, yaani tanjenti ya 45°. Ikiinuliwa sm 10, 75 ÷ 85 = 0.88, pembe hupungua kuwa 41° hivi. Magunia ya mahindi yakirundikwa juu, au kona ikikatwa kwa kasi, hatari huzidi.

Basi ichaguliwe nyongeza ndogo inayotosheleza haja, na shehena ipangwe chini.

Zoezi: Tafuta pembe hiyo iwapo pikapu itainuliwa sm 20.