Mas'ala ya Picha ya Konyeza

Ndugu zetu wa Thika na Ruiru, ambao wengi wao asili yao ni pwani, wametuletea swali tuliloona lafaa kujibiwa hapa, ili na walioko Mombasa, Malindi na Lamu wanufaike. Kijana mmoja wa darsa alikwenda Watamu, akazama na kamera, akampiga picha konyeza, kisha akaitundika picha ile katika chumba wasomeamo watoto. Mzee mmoja akaitungua, akisema malaika hawaingii nyumba yenye sura. Darsa likagawanyika, na hata sasa wapo wasiosalimiana.

Hofu ya mzee wetu si ya kuchekwa. Hadithi za kuwakemea wafanyao sura ni sahihi: Siku ya Kiyama wataamrishwa wavitie uhai walivyoviumba. Lakini makemeo hayo yamshukia mwenye kujifananisha na Muumba; na mpiga picha, je, aumba nini? Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera, hoja yake kwamba huko ni kukizuia kivuli cha kitu alichokwisha kukiumba Mungu, mfano wa kioo. Wako maulamaa waliompinga, na hadi leo wapo. Sisi twaiona hoja yake ina nguvu zaidi.

Tena tumtazame aliyepigwa picha. Mafakihi wengi wasema sura iliyokatwa kichwa haina ubaya. Basi konyeza hana hata hicho kichwa cha kukatwa! Hana ubongo wala moyo, hana mfupa wala damu. Sehemu 95 hivi katika 100 za mwili wake ni maji. Hata hivyo ni mnyama: huogelea kwa kuufumba na kuufumbua mwavuli wake, huwinda, na sumu yake huchoma hata akiwa amekufa mchangani, kama wajuavyo waliomkanyaga. Kwa hiyo hoja hii twaitaja tu, hatuitegemei.

Kijana alitueleza kazi yake. Ndani ya maji rangi nyekundu hupotea katika mita chache za mwanzo, ndipo akashuka na taa. Hakummulika kwa mbele bali kwa ubavuni, na mwili ule upenyao nuru ukang'aa gizani, zikadhihiri pete nne katikati yake, nazo ndizo viungo vya uzazi. Hakuongeza hata nukta. Ufundi uliomo si wake, na alilikiri hilo kabla ya kuulizwa.

Watoto wa Thika waijua Chania na maporomoko yake. Bahari wengi hawajaiona. (Bara nako kuna konyeza: Ziwa Tanganyika lina mdogo, upana wake kama sentimita 2.) Mtoto asomeshwaje Suratun-Nahl, itajapo bahari tuliyotiishiwa, naye hajui kilichomo?

Jawabu letu: picha irejeshwe, lakini ukuta wa nyuma, si upande wa kibla, isije ikamshughulisha mwenye kuswali. Na kijana aende kwanza kwa mzee, amwamkie, kabla hajagongomea msumari.