Furu wa Ziwa Viktoria na Nafasi Zao

Katika somo lililopita mlijifunza sehemu za mwili wa samaki: magamba, mapezi, mkia na matamvua. Samaki karibu wote wanazo sehemu hizo. Sasa tutachunguza kwa nini samaki wa ukoo mmoja, wanaoishi katika ziwa moja, hutofautiana sana kwa umbo na rangi.

Wavuvi wa Mwanza, Musoma na Bukoba wanamfahamu samaki mdogo aitwaye furu. Wengi huwaita wote kwa jina hilo moja, wala hatuwalaumu, kwani si rahisi kuwatofautisha. Hata hivyo, wataalamu wanakadiria kwamba Ziwa Viktoria lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba yapata miaka 15,000 iliyopita ziwa hilo lilikuwa limekauka. Maji yalipojaa tena, samaki wa ukoo wa furu waliingia na kuenea kila upande. Katika historia ya viumbe, muda huo ni mfupi sana.

Mfumbue furu kinywa. Utaona meno ya mbele. Lakini furu ana meno mengine ndani ya koo, yaliyoota juu ya mifupa maalumu. Meno ya mbele hukamata chakula. Meno ya koo hukisaga. Furu anayekula konokono ana mifupa minene ya koo na meno butu, nayo huponda kombe la konokono kama mchi unavyotwanga katika kinu. Furu anayekwangua mwani juu ya mawe ana safu nyingi za meno madogo, mfano wa brashi. Anayewinda samaki wenzake ana kinywa kirefu na meno yaliyochongoka. Tena wako furu ambao chakula chao ni mayai na watoto wa furu wengine. Mama furu huficha mayai yake kinywani. Mwizi huyo humshambulia mpaka ayateme.

Mahali samaki anapoishi, chakula anachokula na namna anavyokipata, yote kwa pamoja huitwa nafasi yake katika mazingira.

Je, furu alijichagulia meno yake? La. Watoto wa samaki mmoja hawalingani kabisa. Tuseme kwamba mmoja alizaliwa na mifupa ya koo minene kidogo kuliko ya ndugu zake. Mahali penye konokono wengi, huyo alishiba, akaishi, akazaa. Watoto wake wakairithi mifupa ile. Baada ya vizazi vingi, mahali pale pakawa na furu wa aina ya pekee. Kwenye mawe yenye mwani mifupa hiyo haikuwa na faida, na waliofaulu huko walikuwa wengine.

Mwanga nao una kazi yake. Katika visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza wako furu wawili wanaofanana sana. Dume wa aina moja ni wa buluu, naye hukaa karibu na uso wa maji. Dume wa aina ya pili ana mgongo mwekundu, naye hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaofika ni mwekundu zaidi. Jina la kitaalamu la huyu wa pili lina neno nyererei. Alipewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius K. Nyerere. Majike huchagua madume kwa rangi, na hivyo aina hizo mbili hubaki mbalimbali.

Lakini rangi huonekana pale tu maji yanapokuwa maangavu. Udongo na uchafu kutoka mashambani na mijini umeyatia maji tope mahali pengi. Hapo jike hawezi kupambanua wekundu na ubuluu, na aina hizo mbili huchanganyika. Hakuna samaki aliyeuawa, lakini aina imepotea.

Hasara nyingine ililetwa na sangara. Samaki huyu mkubwa alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Aliwapatia watu wengi chakula na fedha. Lakini furu hawakuwa wamezoea adui kama huyo, na katika miaka ya 1980 sangara walipoongezeka sana, aina nyingi za furu zilitoweka.

Baadhi ya waliosalia wamebadilika. Katika Ghuba ya Mwanza yuko furu aliyekuwa akila vijidudu vinavyoelea majini. Alikaribia kutoweka, kisha akaongezeka tena katika miaka ya 1990. Wataalamu walipompima walimkuta na matamvua makubwa kuliko ya wazee wake, kwa sababu maji ya sasa yana hewa chache ya oksijeni. Tena anakula wadudu wakubwa zaidi.

KAZI YA KUFANYA
Pateni samaki wa aina mbili, kwa mfano perege na kambale. Chunguzeni vinywa, meno na matamvua yao, kisha mvichore.

MASWALI
1. Meno ya koo ya furu yana kazi gani?
2. Kwa nini furu mla konokono hafai kukaa mahali penye mwani tu?
3. Eleza jinsi tope linavyoweza kupoteza aina ya samaki bila ya kuwaua.
4. Kambale ana sharubu. Unadhani zinamsaidiaje katika nafasi yake?