Juzi Isiyo Juzi: Kielezi cha Wakati katika Mazungumzo ya Kilwa na Lindi

Makala haya yanachunguza kielezi juzi kinapotumiwa kufupisha wakati. Maana yake ya msingi ni siku iliyotangulia jana, lakini maana hiyo haitoshi kueleza matumizi yake ya kila siku. Matumizi tunayoyajadili si ya pwani hii peke yake, ila hapa yana uzito wa pekee. Tuchukue sentensi hizi:

(1) Alikuja juzi saa nne asubuhi.
(2) Daraja la Rufiji limejengwa juzi tu.
(3) Huyu amekuja juzi tu.

Katika (1), saa iliyotajwa inaifunga juzi ndani ya kalenda. Sentensi (2) haina kifungo hicho. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003; kabla ya hapo msafiri wa Kilwa aendaye Dar es Salaam alivuka Rufiji kwa kivuko. Mzee asemaye (2) leo hadanganyi, wala hajasahau miaka. Anaupima wakati kwa umri wake mwenyewe. Neno tu ndilo linalomwashiria msikilizaji aache kuhesabu siku. Uradidi hufanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi: juzijuzi haikubali kuandamana na saa wala jina la siku.

Sentensi (3) ni nzito zaidi, kwa kuwa kinachofupishwa ni wakati wa mtu mwingine. Mnamo 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa bonde la Usangu walielekezwa wilaya kadhaa, zikiwemo Kilwa na Lindi. Aliyefika wakati huo, hata mwanawe aliyezaliwa huku, aweza kuambiwa (3) katika kikao cha ardhi. Kauli hiyo haina tusi ndani yake, na kwa kuwa haikutaja mwaka, hakuna tarehe ya kubishia. Kinyume chake ni "si wa leo wala jana", ambayo humpa mtu ukongwe kwa njia iyo hiyo. (Wala tusisahau kwamba Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha wenyeji wenyewe.)

Mtafiti wa masimulizi akiitafsiri juzi ya (3) kuwa "siku mbili zilizopita" hukosea tarehe; akiandika "hivi karibuni" hulipoteza dai lenyewe, yaani kwamba anayetajwa hana sauti. Mtunzi wa kamusi atakayeieleza maana hii na aanze na mfano (3), si (2).