Katibu Akiondoka, Barua Pepe ya Kikundi Inabaki kwa Nani?

Somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni, katibu na mweka hazina wakiwepo. Si la kumshtaki mtu.

Katibu akitoka ofisini tunajua la kudai: muhuri, kitabu cha kumbukumbu, cheti cha usajili, ufunguo wa kabati. Benki nayo haina mchezo. Haibadilishi watia sahihi mpaka ione kumbukumbu za mkutano. Lakini barua pepe hakuna anayeiuliza. Na siku hizi ndimo zinamoingia barua za wafadhili, majibu ya maombi na mialiko ya semina.

Tuchukue mfano. Akina mama watengeneza sabuni wa Gatina, Kawangware, walifunguliwa anwani na katibu wao kwenye saiba. Alitumia jina lake na namba yake ya simu, kwa sababu ndiye aliyejua kompyuta. Sasa amepata kazi Mombasa. Hana ubaya wowote. Lakini mfadhili akiandika kwamba hesabu zifike kabla ya Ijumaa, barua inaingia kwenye simu ya mtu aliye zamu ya usiku hotelini. Ijumaa inapita. Akina mama wanangoja jibu, mfadhili anangoja hesabu, na kila upande unamwona mwenzake mzembe.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Vijana wa kuzoa takataka Laini Saba, Kibera, wamegombana na katibu wao juu ya pesa, naye ameenda zake na neno la siri. Anaweza kuwaandikia wateja kwa jina la kikundi na kuwapa namba nyingine ya kulipia. Mteja atajuaje? Anwani ni ile ile. Na tusimsahau huyo katibu pia: pesa ikipotea wakati bado anaweza kuingia, atajiteteaje? Kumwondolea neno la siri ni kumkinga na yeye.

Tena watu wetu huhama bila kupenda. Tarehe 23 Julai 2018 nyumba zilibomolewa Kibera kupisha barabara mpya, na maelfu ya watu wakatawanyika. Kila kitu kikiwa kwa mtu mmoja, siku kama hiyo kikundi kinapotea naye.

Makampuni yenye anwani zao wenyewe hufunga ya mfanyakazi siku anapoondoka, na barua zake zikapelekwa kwa mkubwa wake. Sisi hutumia anwani za bure kama Gmail, na huko hakuna anayejua habari ya mwenyekiti wala kamati. Mwenye akaunti ni yule mwenye neno la siri na simu ya kuirudishia. Kumbukumbu zenu za mkutano hazitasaidia kitu. Ndiyo maana kazi ifanywe kabla mtu hajaondoka.

Anwani iitwe jina la kikundi. Siku ya makabidhiano kaeni pamoja, katibu wa zamani na mpya, mbadilishe neno la siri. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo penye shimo: yule wa zamani akibonyeza kwamba amesahau neno la siri, namba ya kufungulia itatumwa kwenye simu yake, na dakika mbili baadaye yumo ndani. Kwa hiyo badilisheni pia simu ya kurudishia, iwe ya mwenyekiti, na anwani ya pili, iwe ya mweka hazina. Kisha angalieni orodha ya simu na kompyuta zilizofunguliwa akaunti hiyo, mtoe zisizo zenu. Angalieni pia kama barua zinapelekwa mahali pengine zenyewe. Neno jipya liandikwe, litiwe kwenye bahasha, lifungiwe kwenye sanduku la pesa.

Kama barua za kikundi zilikuwa kwenye anwani ya mtu binafsi, msimdai neno lake la siri. Humo mna barua za mumewe na za daktari. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Fungueni anwani mpya, mwombeni awapelekee barua za kikundi tu. Na kama mmegombana, msihangaike kuvunja mlango. Andikeni barua yenye muhuri na sahihi tatu kuitangaza anwani mpya, mkaipeleke kwa mkono benki, ofisi ya maendeleo ya jamii na kwa wateja.

Anwani ya zamani iliyo mikononi mwenu msiifute. Ifungueni mara kwa mara, maana tangu 2023 Google ina kanuni ya kufuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili.

Laini ya simu ni hivyo hivyo. Ikisajiliwa kwa kitambulisho cha katibu, ikipotea ni yeye tu atakayepewa nyingine. Kama ujumbe wa M-Pesa wa kikundi huingia humo, hamisheni mapema.

Kazi ya mkutano ujao: katibu aje na simu yake. Fungueni barua pepe mbele ya wote, msome ni namba ya nani iliyoandikwa kwa kurudishia akaunti. Kisha mpigieni mwenye namba hiyo, muone kama atapokea.