Usipoziba Ufa wa Kigae: Jinsi ya Kurudishia Grauti Bafuni

Doa la unyevu kwenye dari ya jirani wa chini mara nyingi huanza na jambo dogo: grauti iliyopukutika kati ya vigae vya bafu lako. Maji ya kuoga hupenya kwenye mianya, hushuka kwenye zege na kufikia nondo. Nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye nyumba ya ghorofa, ukuta huo huenda ukawa wa mwenzako.

Jua kwanza maji yanatoka wapi

Funga mifereji yote, kisha tazama mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, huenda bomba linavuja, na grauti mpya haitakusaidia. Mwite fundi wa mabomba. Mita ikitulia, gonga vigae kwa sarafu. Kigae kinacholia kama debe tupu kimeachana na sakafu, na lazima kibandikwe upya kabla ya kazi nyingine.

Hatua za kazi

1. Kwangua grauti kuukuu hadi angalau theluthi mbili ya kina cha mwanya. Grauti mpya ikipakwa juu juu hubanduka upesi. Vaa barakoa na miwani, kwani vumbi la saruji na mchanga hudhuru mapafu na macho.

2. Fagia vumbi, osha, na uache mianya ikauke.

3. Chagua grauti ifaayo. Mwanya usiozidi milimita 3 hutumia grauti laini isiyo na mchanga. Ukizidi hapo, tumia yenye mchanga, maana ile laini hupasuka ikikauka.

4. Koroga unga na maji safi, kidogo kidogo, hadi uwe mzito kama dawa ya meno. Maji yakizidi, grauti huwa dhaifu. Uache dakika 5 hadi 10, kisha koroga tena bila kuongeza maji. Vaa glavu, kwa kuwa saruji huchoma ngozi.

5. Sukuma grauti ndani ya mianya kwa mwiko wa mpira, ukiupitisha kimshazari ili usiichote tena.

6. Baada ya dakika 15 hadi 30, pangusa kwa sponji iliyokamuliwa vizuri. Utando mweupe utakaobaki uondoe kwa kitambaa kikavu.

7. Kwenye pembe, pale ukuta unapokutana na sakafu, usitie grauti. Sehemu hizo husogea kidogo na grauti hupasuka. Tumia silikoni ya bafuni.

Usioge humo kwa angalau saa 24, au muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Dawa ya kuzuia maji

Grauti ya saruji ina vinyweleo. Ikishakauka kabisa, kwa kawaida baada ya siku 3, ipake dawa ya kuzuia maji kwa brashi ndogo na ufute inayobaki juu ya vigae. Kuipima baadaye ni rahisi: dondosha maji kwenye grauti. Yakisimama kama matone, dawa ingali inafanya kazi. Yakinywewa na grauti ikabadilika rangi, paka tena.

Tahadhari

Dawa za choo zenye asidi hula grauti. Osha vigae kwa sabuni ya kawaida. Kamwe usichanganye asidi na blichi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoweza kuua katika bafu lisilo na dirisha.

Kwa wapangaji na wenye nyumba

Mpangaji, ukiona grauti imepukutika, piga picha na umjulishe mwenye nyumba mapema. Kubalianeni kwa maandishi nani atanunua vifaa na nani atamlipa fundi kabla kazi haijaanza. Pakiti ya grauti leo ni nafuu kuliko kubomoa sakafu mwakani, na huwaepusha majirani na ugomvi.