Programu ya kikundi cha hisa, ndani ya kompyuta yako mwenyewe

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinatunza hesabu zake kwa programu niliyoijenga kwenye kompyuta mpakato yangu kwa msaada wa chatboti za bure. Fedha pekee iliyonitoka ni ya bando la kupakulia vifaa vya kuanzia. Programu yenyewe haipo mtandaoni. Inafunguka kwenye kivinjari kama tovuti yoyote, lakini anwani yake ni 127.0.0.1, maana yake kompyuta inajihudumia yenyewe. Makatibu wa vikundi vya jirani wamekuwa wakiniuliza imejengwaje, na jibu ni refu kuliko ujumbe wa simu, kwa hiyo naliandika hapa.

Kwanza niseme ninachokiamini: anayefaa kujenga programu ya kikundi ni mtu anayezijua hesabu za kikundi hicho, hata kama hajawahi kuandika msimbo. Chatboti itakuandikia Python kwa dakika chache. Katiba yenu haijui.

Chukua riba. Ukiiambia chatboti "mkopo wa shilingi 200,000, riba asilimia 10 kwa mwezi, miezi mitatu", kuna angalau majibu matatu na yote ni halali kihesabu. Kama riba inatozwa kila mwezi kwenye mkopo wa awali, mkopaji atarudisha 260,000. Kama inatozwa kwenye salio linalopungua, naye anapunguza mkopo kwa mafungu matatu sawa, atarudisha 240,000. Kama riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni nayo izae riba, deni litafika 266,200. Mara nyingi chatboti haitakuuliza mnatumia ipi. Itachagua yenyewe, kisha ikupe ukurasa mzuri wenye rangi na vitufe, na hesabu iliyo ndani si ya kwenu. Ndiyo maana mimi huanza na karatasi. Naandika kila kanuni kwa Kiswahili cha kawaida: hisa moja ni shilingi ngapi, mwanachama anaruhusiwa kununua hisa ngapi kwa kikao, mfuko wa jamii unachangiwa vipi, adhabu ya kuchelewa ni kiasi gani, mwanachama anakopa hadi mara ngapi ya hisa zake, na mgao wa mwisho wa mzunguko unapigwaje. Chini ya kila kanuni naweka mfano mmoja wenye namba, na jibu lake nililolipiga kwa mkono.

Karatasi hiyo naiandika upya kwenye faili ninayoiita maelezo.txt, na faili hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote. Chatboti za bure, iwe ChatGPT, Gemini, Claude au DeepSeek, zina ukomo wa matumizi, na mazungumzo yakirefuka sana huanza kusahau mlichokubaliana mwanzoni. Ukomo ukifika, nafungua mazungumzo mapya, hata kwenye chatboti nyingine, nabandika maelezo.txt na muundo wa majedwali, na kazi inaendelea. Kuwa na mbili kuna faida nyingine pia: moja ikishaandika, naipa ya pili msimbo ule ule na kuiambia itafute kasoro. Mara nyingi inaziona.

Vifaa ni vichache. Python, ambayo ni ya bure. Flask, maktaba ndogo iliyoanzishwa na Armin Ronacher mwaka 2010, inayoifanya Python itoe kurasa za wavuti. SQLite ya kuhifadhia kumbukumbu, ambayo huhitaji kuipakua kwa sababu inakuja ndani ya Python. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, na hifadhidata yote inakaa kwenye faili moja unayoweza kuinakili kwenye flashi. Ongeza VS Code ya kuandikia, na Git ya kutunza matoleo. Chatboti zikiachwa zenyewe hupenda kukupendekezea mitambo mikubwa yenye faili nyingi na maktaba lukuki. Kwa kikundi cha watu thelathini, kataa. Iambie wazi kwamba unataka Flask na SQLite peke yake. Na ikikutajia maktaba usiyoijua, ihakikishe kwanza kwenye pypi.org kabla ya kuandika pip install, maana chatboti huweza kubuni jina la maktaba ambayo haipo, na wahalifu wameshajifunza kusajili majina ya namna hiyo na kuweka humo programu mbaya.

Maombi ninayoandika ni mafupi na yanahusu jambo moja. Hili, kwa mfano, ni ombi la kwanza baada ya kubandika maelezo:

"Kabla ya kuandika msimbo wowote, niulize maswali kuhusu kanuni ambazo hazijaeleweka. Kisha pendekeza majedwali tu. Tumia majina ya Kiswahili: mwanachama, kikao, hisa, mkopo, marejesho. Kiasi chote cha fedha kiwe namba kamili ya shilingi."

Sentensi ya kwanza ina thamani kubwa kuliko zote. Chatboti ikiruhusiwa kuuliza, inauliza mambo ya maana: mwanachama akijitoa katikati ya mzunguko anarudishiwa nini? Adhabu inaingia mfuko gani? Baadhi ya maswali hayo nililazimika kuyapeleka kwenye kamati, kwa sababu hata katiba yetu ilikuwa kimya. Majina ya Kiswahili nayo si urembo. Katibu mwenzangu akifungua msimbo akaona jumla_ya_hisa, anajua yuko wapi.

Sharti la namba kamili lina sababu yake. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, na Python ukiiuliza 0.1 + 0.2 inakujibu 0.30000000000000004. Vijisehemu hivyo vikirundikana kwenye mgao, jumla zinagoma kulingana. Lakini namba kamili peke yake haitoshi, lazima uamue baki linakwenda wapi. Tuseme sanduku lina shilingi 3,170,000 na hisa zote ni 412. Kila hisa inapata 7,694 na zinabaki shilingi 72. Mwenye hisa saba anastahili 53,858, na hakuna sarafu ya kumlipa hizo nane za mwisho. Sisi tunashusha malipo hadi hamsini iliyo karibu, na mabaki yote yanaingia mfuko wa jamii. Kanuni kama hiyo chatboti haiwezi kuibuni, ila ukiiandika, itaifuata vizuri.

Msimbo ukifika, usiubandike wote kwa mkupuo. Ukurasa wa kusajili wanachama kwanza. Uufungue, uujaribu, uhifadhi toleo kwenye Git, ndipo uombe ukurasa wa hisa. Chatboti ikiambiwa ibadilishe kitu kidogo huweza kuandika faili nzima upya na kuacha kipande kilichokuwa kinafanya kazi. Ukiwa na Git, amri ya git diff inakuonyesha mistari iliyobadilika na iliyotoweka. Hitilafu ikitokea, nakili ujumbe wote wa kosa kutoka kwenye terminali, Kiingereza chake hivyo hivyo, uubandike na kueleza kwa Kiswahili ulikuwa unafanya nini. Ujumbe wa kosa uliokatwa nusu huleta jibu la kubahatisha.

Kuna mambo matatu ninayoyakagua kila mara, kwa sababu hayaleti ujumbe wa kosa hata kidogo. La kwanza ni mapambo ya ukurasa. Chatboti huvuta mitindo kama Bootstrap moja kwa moja kutoka mtandaoni; bando likiisha, ukurasa unabaki uchi. Iombe itumie faili zilizo ndani ya folda ya static. La pili ni saa. CURRENT_TIMESTAMP ya SQLite hutoa saa ya dunia, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu, hivyo kikao cha saa kumi jioni kinaandikwa kana kwamba kilifanyika saa saba mchana. La tatu ni uhusiano wa majedwali: SQLite haiusimamii mpaka uwashe PRAGMA foreign_keys = ON kwenye kila muunganisho. Bila hiyo unaweza kumfuta mwanachama na mkopo wake ukabaki hauna mwenyewe. Kwenye kikundi cha fedha, hilo ni jambo la kuvunja udugu.

Majaribio tuliyafanya kwa daftari la mzunguko uliopita. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima anayezijua namba kwa kichwa, alikaa na daftari, mimi nikakaa na kompyuta. "Mwanangu, kikao cha nne, mkopo umerudi nusu. Kinasemaje hicho chako?" Tukapita kikao baada ya kikao. Hakuna chatboti inayoweza kufanya ukaguzi wa aina hii, kwa kuwa majibu sahihi yapo kwenye daftari tu, na kwa mtu aliyekuwepo fedha zilipohesabiwa mezani.

Siku ya kikao nawasha hotspoti ya simu, naunganisha kompyuta, na kuendesha Flask kwa host 0.0.0.0 badala ya 127.0.0.1. Amri ya ipconfig inanipa anwani ya kompyuta, tuseme 192.168.43.20, na mwenyekiti, simu yake ikiwa imeunganishwa kwenye hotspoti hiyo hiyo, anaifungua kwa kuongeza :5000 mwishoni. Simu haihitaji bando, kwani mawasiliano hayatoki nje ya chumba. Windows ikiuliza ruhusa ya kuvuka ukuta wake wa ulinzi, kubali kwa mtandao binafsi tu. Na kabla ya kuwafungulia watu wengine, zima debug. Hali ya debug ni ya kukusaidia wewe unapojenga. Ikiachwa wazi kwa wengine inaweza kumpa mtu njia ya kuendesha msimbo ndani ya kompyuta yako. Nenosiri liwepo, na lihifadhiwe likiwa limefumbwa kwa generate_password_hash, kifaa ambacho unakipata pamoja na Flask.

Nalisema hili kwa uzito: usibandike kamwe daftari halisi kwenye chatboti. Majina ya wanachama, namba zao za simu na madeni yao ni siri za watu, na huduma nyingi za bure huweza kutumia mazungumzo kufunzia modeli zao usipozima mpangilio huo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata pasingekuwa na sheria, mama aliyekopa ada ya mtoto hakukopa ili mtu baki aje kulisoma deni lake. Iombe chatboti ikutungie wanachama wa bandia wa kujaribia. Hilo inalifanya vizuri.

Kila baada ya kikao nazima programu kwanza, ndipo nanakili faili ya hifadhidata, kwa maana kuinakili wakati inaandikwa kunaweza kukupa nakala mbovu. Flashi moja inaingia kwenye sanduku la kikundi, chini ya kufuli tatu zilezile zinazolinda fedha, nyingine inakaa kwa katibu. Daftari la karatasi bado linaendelea. Mzunguko huu utakapovunjwa, mgao utapigwa mara mbili, kwa kalamu na kwa kompyuta, na mkutano mkuu ndio utakaoamua kama karatasi ipumzike.